TANGI LA MAJI LILILOINAMA: TENGENEZA MSINGI KABLA YA MVUA

Bwana mkulima, na wewe mama mwenye shamba, kabla ya kuendelea na somo hili, tokeni nje mkalitazame tangi lenu la maji. Msilitazame kwa karibu. Rudini nyuma hatua ishirini, msimame mahali ambapo mtu aweza kuona ubavu wa tangi na ukingo wa mlango wa nyumba kwa wakati mmoja. Je, vyote viwili vimesimama wima? Au tangi limeinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetega sikio kusikiliza habari za jirani?

Ikiwa limesimama wima, ni vizuri, lakini soma tu, maana matangi mengi yaliyoinama leo yalisimama wima mwaka jana. Ikiwa limeinama, basi somo hili limeandikwa kwa ajili yako, na haifai kuliacha mpaka mvua ianze.

UZITO WA MAJI

Watu wengi hufikiri kwamba tangi la plastiki ni kitu chepesi, kwa sababu siku ile liliposhushwa kutoka katika gari vijana wachache walilibingirisha mpaka nyumbani huku wakicheka. Tangi tupu ni jepesi kweli. Lakini maji si mepesi. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa limebeba kilo 5,000, yaani tani 5. Gunia la mahindi lina kilo 90. Fanya hesabu mwenyewe: ni kama kwamba umepanga magunia zaidi ya 55 juu ya mviringo mdogo ambao mtu aweza kuuvuka kwa hatua tatu, ukayaacha hapo usiku na mchana. Hakuna mkulima ambaye angepanga magunia hayo juu ya udongo uliolimwa jana. Lakini tangi huwekwa hapo hapo, kwa sababu tunaliona likiwa tupu.

Sasa angalia jambo la pili. Tangi likiisha kuinama, uzito haukai tena sawasawa. Maji husogea kuelekea upande ulio chini, na upande ule hubeba zaidi kuliko upande wa juu. Udongo wa chini yake, ambao tayari ulikuwa dhaifu, hubanwa zaidi na kutitia zaidi, na tangi likiinama zaidi, maji nayo husogea zaidi. Ndiyo sababu tangi lililokaa mwaka mzima likiwa limeinama upana wa kidole kimoja laweza kuinama vidole vitatu katika mwezi mmoja wa mvua. Halingoji.

Na hasara yake si ya bei ya tangi peke yake. Ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa vizuri aweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Ukiwa na ng'ombe watatu, hizo ni lita 180, kabla ya kuhesabu maji ya kupika, ya kufua na ya kuosha mikebe ya maziwa. Tangi likipasuka mwezi wa Juni, mtu fulani katika nyumba yako atachukua mtungi kwenda mtoni mpaka mvua nyingine, na kwa kawaida mtu huyo hakuulizwa shauri wakati wa kuweka tangi.

KWA NINI ARDHI IMETITIA?

Usianze kazi kabla ya kujibu swali hili. Mtu akitengeneza msingi bila kuondoa sababu, atautengeneza tena.

Mara nyingi sababu ni maji yenyewe. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa lenye mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Chukua nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 6, yaani mita 48 za mraba. Mvua kubwa ya milimita 50 itakuletea karibu lita 2,400 kutoka paa hilo moja. Kama tangi limekwisha kujaa, maji hayo yote yatakwenda wapi? Katika maboma mengi humwagika juu ya ukingo wa tangi, hushuka ubavuni na kuingia katika udongo pale pale chini ya msingi. Huchimba kidogo leo, huchimba kidogo kesho. Mfereji unaovuja nao hufanya vivyo hivyo polepole, tena bata na kuku hupenda sana kufukua mahali palipo na matope, kwa hiyo wao nao wamo katika kesi hii.

Sababu ya pili ni aina ya udongo. Udongo mweusi kama ule wa Mwea huvimba unapopata maji, na wakati wa kiangazi hukauka na kufanya nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Msingi uliowekwa juu ya udongo huo hupanda na kushuka kila mwaka, na haupandi sawasawa pande zote. Huku Kinangop tuna shida nyingine: udongo wa juu ni mwepesi, na chini yake kuna udongo mzito usiopitisha maji, basi wakati wa mvua ule wa juu hugeuka kuwa kama uji. Mwenye udongo mwekundu wenye kina ana bahati zaidi, lakini hata yeye asijisifu kama tangi lake linafurika kila usiku.

Sababu ya tatu ni historia ya mahali penyewe. Mashamba yetu mengi ya skimu yalikatwa kutoka katika mashamba makubwa ya walowezi, hasa katika ule mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka wa 1962. Hapo ulipojenga nyumba huenda palikuwa na zizi, au shimo la kuwekea majani ya ng'ombe, au kisiki kikubwa kilichofukiwa. Shimo lililojazwa hutitia kwa miaka mingi, hata kama nyasi zimekwisha kuota juu yake. Waulize wazee. Pia tazama kama kuna vichuguu vya fuko karibu, maana fuko huchimba njia zake bila kujali ni nani amelipa bei ya tangi.

KOSA LA KUTIA MAWE

Mtu akiona tangi limeinama, wazo la kwanza linalomjia ni kuchukua mti mrefu, kuliinua upande ulioshuka, na kutia mawe chini yake. Nalijua wazo hilo vizuri, maana mimi mwenyewe nilifanya hivyo.

Tangi langu la kwanza la lita 5,000 nililiweka juu ya ardhi niliyoisawazisha kwa macho tu. Mvua ndefu ilipokuja lilijaa, likafurika, na kufika mwezi wa Mei lilikuwa limeshuka upande mmoja vidole vitatu. Nikamwita jirani yangu. Tukapunguza maji kidogo, tukaleta mti wa mkalitusi, tukainua, tukatia mawe manne mazuri. Tangi likasimama wima kabisa. Tukanywa chai. Baada ya wiki mbili niliamka asubuhi nikakuta uwanja wote umelowa na tangi limebaki na maji kidogo tu. Lilikuwa limepasuka chini, mahali pale pale ambapo ncha ya jiwe moja iligusa. Mwaka ule ng'ombe wangu walikwenda mtoni mpaka mwezi wa Oktoba, na maziwa yakapungua, nami sikuwa na wa kumlaumu.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Tangi la plastiki limetengenezwa ili sehemu ya chini ikae juu ya kitu bapa, kote kote. Likikalia mawe manne, tani zote hushuka juu ya ncha nne, na plastiki iliyo kati ya mawe huning'inia. Tangi la mabati nalo halipendi mawe. Maungio yake hufunguka na kutu huingia.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko hasara. Usimruhusu mtu yeyote kuingiza mkono, mguu au jembe chini ya tangi lenye maji. Usichimbe kando ya tangi lenye maji ili kutazama msingi. Na kama tangi limeinama sana, wakataze watoto kucheza au kuteka maji upande ule linakoinamia, hata kabla ya siku ya kazi. Zungushia miiba kama ni lazima. Tani 5 zikianguka hazitoi nafasi ya kukimbia.

MUDA WA KUFANYA KAZI

Kazi hii ni ya tangi tupu. Kwa hiyo wakati unaofaa kwa sehemu nyingi zetu ni Januari na Februari, maji yanapokuwa chini kabisa na mvua ndefu haijafika. Mvua ndefu ikianza Machi, zege lako litakuwa limekwisha kukauka. Nafasi ya pili ni Agosti na Septemba, kabla ya mvua fupi.

Kama tangi limeinama sana na bado lina maji mengi, usingoje Januari. Fungua mfereji leo, upunguze maji mpaka yabaki chini ya nusu. Jaza mapipa, mitungi, masufuria na hori la ng'ombe, na uwaambie majirani waje na vyombo vyao. Jirani aliyepewa maji siku ile hatakosa kuja kusaidia kuinua tangi.

Tangi likiisha maji, fungua mabomba yote na gata inayoingia, halafu lisafishe ndani, kwa kuwa nafasi kama hii haiji mara nyingi. Utashangaa kuona matope yaliyokaa chini. Ondoa mawe na vijiti katika njia yote utakayopitia, kisha watu wanne au watano walisukume na kulibingirisha polepole mpaka penye nyasi. Lifunge kwa kamba kwenye mti au nguzo. Tangi tupu ni kama tanga la jahazi, na upepo wa milimani waweza kulipeleka mpaka shamba la mwenzako.

Je, na tangi la zamani la mabati, au lile lililojengwa kwa mawe au simiti? Hayo hayahamishwi. Tangi la bati lililoliwa na kutu litakunjika mikononi mwenu. Kwa matangi hayo punguza maji yasizidi nusu, ondoa maji yanayolowesha ardhi kama nitakavyoeleza mbele, weka alama za kupimia, na umwite afisa wa maji au fundi mwenye ujuzi kabla ya kugusa udongo wa chini.

KUPIMA USAWA KWA MPIRA WA MAJI

Macho hudanganya, hasa mahali pa mteremko. Ukisimama kilimani, kitu kilicho sawa huonekana kimeinama, na kilichoinama huonekana sawa. Pimamaji ya fundi ni nzuri, lakini ile fupi haitoshi kwa msingi wenye upana wa mita 2 na zaidi, isipokuwa uiweke juu ya ubao mrefu ulionyooka. Tena ijaribu kwanza: iweke juu ya ubao, tazama povu, kisha uigeuze mwisho wa kulia uje kushoto. Kama povu halirudi mahali pale pale, pimamaji hiyo ni mgonjwa, na wewe ulitaka kujengea juu ya ugonjwa wake.

Mimi napenda zaidi mpira wa maji unaopenyeza mwanga, wa urefu wa mita 6 hivi. Bei yake ni ndogo, na hauwezi kudanganya kama ukitumiwa vizuri. Ingiza mwisho mmoja katika ndoo ya maji iliyowekwa juu, vuta maji kwa mdomo mwisho wa pili mpaka yapite, na uyaache yapite hata usione povu lolote ndani. Kisha shika miisho yote miwili pamoja, ikitazama juu. Maji lazima yasimame kimo kimoja katika pande zote mbili. Yasiposimama kimo kimoja kuna hewa ndani, anza tena. Unapotembea ziba miisho kwa vidole gumba, na unapopima fungua yote miwili, maana mwisho mmoja ukizibwa maji hayatasema kweli.

Kwa mpira huu waweza kupima tangi lako hata kabla ya kuliondoa. Mtu mmoja ashike mwisho mmoja kwenye upande wa juu wa tangi, mwingine upande wa chini, na mpime maji yako umbali gani kutoka ukingo wa chini wa tangi kwa kila upande. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi cha kuinama. Kwa tangi lenye upana wa karibu mita 2, nusu sentimita haina neno. Ikifika sentimita 2, mimi singeongeza maji mpaka nijue sababu.

KUCHIMBA NA KUJAZA

Tuseme tangi lako lina upana wa mita 1.8. Msingi uwe mpana zaidi kwa sentimita 30 kila upande, yaani mita 2.4 kwa jumla. Piga mambo katikati, funga kamba ya urefu wa mita 1.2, na uzungushe ukikwaruza ardhi. Huo ndio mviringo wako.

Chimba mviringo wote, si upande ulioshuka peke yake. Hapa ndipo watu wengi hutaka kupunguza jasho. Wakichimba nusu na kuacha nusu, upande mmoja utakaa juu ya kazi mpya na mwingine juu ya udongo wa zamani, na pande hizo hazitatitia kwa kiasi kimoja. Ondoa udongo wa juu wote wenye mizizi na samadi, uupeleke kwenye bustani, mpaka ufike ardhi ngumu. Ijaribu kwa kipande cha nondo: ukikisukuma kwa nguvu za mikono kisiingie zaidi ya urefu wa kidole, popote katika mviringo. Kikizama mahali pamoja, chimba hapo mpaka ujue kuna nini. Kama ni shimo la zamani lililojaa takataka, shauri langu ni kuhamisha msingi mahali pengine, hata kama itakubidi kununua gata zaidi. Kwa udongo mweusi chimba mpaka nusu mita au hata mita 1, na udongo huo usirudi ndani tena.

Jaza kwa mawe na moramu. Tandika mawe makubwa chini, uyapange kwa mkono yakae imara, kisha ujaze nafasi kwa mawe madogo. Juu yake tia moramu yenye unyevu kidogo, kila tabaka sentimita 10 mpaka 15, na ushindilie kila tabaka kabla ya kutia jingine. Kujua unyevu unaofaa, chukua konzi moja ya moramu na uikaze mkononi: ishikamane kama andazi, na ukiiangusha ivunjike. Ikitiririka kama vumbi, nyunyiza maji. Ikibaki matope vidoleni, ngoja jua. Kishindilio waweza kukitengeneza nyumbani kwa kujaza zege katika mkebe mkubwa na kusimamisha mti katikati yake. Kazi hii inachosha, na vijana watakuambia kwamba imekwisha kabla haijaisha. Piga mpaka kisigino cha kiatu kisiache alama.

Ukitaka msingi uwe juu ya ardhi, ili mtungi wa lita 20 uingie chini ya mfereji, jenga kwanza ukuta wa mviringo wa mawe na simiti, halafu ujaze ndani kwa njia ile ile. Sentimita 60 zinatosha. Kutaka tangi likae juu kama mnara ili maji yafike jikoni na zizini kwa mabomba ni jambo jema, lakini hiyo ni kazi ya fundi anayejua hesabu za mizigo, wala si somo la leo.

SAKAFU YA ZEGE

Juu ya moramu weka sakafu ya zege ya sentimita 10. Changanya simiti 1, mchanga 2 na kokoto 4, ukipima kwa chombo kimoja tu, si kwa koleo leo na karai kesho. Kwa msingi wa mita 2.4 mifuko 3 ya simiti ya kilo 50 itatosha kwa sakafu. Nunua wa 4 kwa ajili ya ukuta na mapengo. Kunja kipande cha bati bapa kuzunguka mviringo kiwe kama pete ya kuzuia zege, na usawazishe ukingo wake wa juu kwa mpira wa maji katika sehemu nane. Pete ikiwa sawa, na mambo ya katikati ikiwa kimo kimoja nayo, kazi iliyobaki ni kupitisha ubao ulionyooka juu yake. Tia wavu wa chuma katikati ya unene wa zege, usiuache umelala juu ya moramu. Usizidishe maji katika mchanganyiko kwa kutaka kurahisisha kazi. Zege la majimaji hukauka likiwa dhaifu. Na ile mambo ya katikati usisahau kuing'oa na kuziba tundu lake.

Kuna watu husema sakafu iinamishwe kidogo kuelekea mferejini ili maji yote yatoke. Usiwasikilize. Maji machache yanayobaki chini ni ya matope, na huondolewa siku ya kusafisha. Sakafu iwe sawa.

Funika zege kwa magunia yaliyolowa au majani, ulimwagilie kwa siku 7. Tangi lisijazwe kabla ya siku 14, na ukiweza kungoja siku 28 ni bora zaidi.

Utauliza: kama nina sakafu ya zege tayari, nayo ni nzima bila ufa, ila imeinama, je, ni lazima nivunje? Si lazima, kama una hakika kwamba imekoma kushuka. Hakika hiyo haipatikani kwa kuitazama. Weka alama kwenye ukuta wa nyumba, pima kwa mpira mwanzo wa mvua na mwisho wake. Kama kipimo hakikubadilika, parua sakafu ya zamani kwa patasi mpaka iwe na makwaruzo, ioshe, ilowanishe, ipake uji wa simiti, na papo hapo weka zege jipya lenye kokoto ndogo juu yake yote. Upande ulio juu liwe na unene usiopungua sentimita 4, na upande ulioshuka liwe nene zaidi. Usipake lipu nyembamba upande ulioshuka tu mpaka ikaishia na sifuri; ukingo wake mwembamba utakatika kama mkate mkavu. Na kama kipimo kimebadilika, zege jipya litakuwa mzigo mwingine tu juu ya ardhi iliyochoka. Vunja, uchimbe.

KUJAZA TANGI TENA

Fagia sakafu kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kurudisha tangi. Kokoto moja iliyosahauliwa yaweza kufanya kazi ile ile iliyofanywa na jiwe langu. Bomba linalotoka katika tangi lisibebwe na tangi. Lijengee kiguzo chake, na kama waweza, weka kipande kifupi cha mpira kati ya tangi na bomba la chuma ili moja likisogea lisivunje jingine.

Jaza robo kwanza. Ngoja mpaka kesho yake, pima. Jaza mpaka nusu, ngoja, pima. Kama mvua inajaza haraka kuliko subira yako, geuza gata ya kuingilia maji yamwagike mbali. Milimita moja mbili siku za kwanza zisikutie hofu, lakini upande mmoja ukiendelea kushuka kila siku, simama hapo, usiongeze maji.

Na sasa yale maji yanayozidi. Weka bomba la kuyatoa karibu na ukingo wa juu, liwe pana kama lile linaloingiza, na ulishushe mpaka chini na kulipeleka upande wa mteremko, mita 3 au zaidi kutoka msingi. Migomba itayafurahia. Upande wa juu wa mteremko chimba mtaro wa kukinga maji ya uwanjani yasifike kwenye msingi. Chini ya mfereji tandika mawe na uchimbe njia ndogo ya kupeleka matone mbali. Mfereji wenyewe ubadilishe mpira wake wa ndani ukianza kudondoka, usingoje.

Mwisho, piga misumari minne katika ubavu wa sakafu, pande nne, wakati zege lingali bichi. Pima vichwa vyake kwa mpira wa maji siku ile tangi linapojaa mara ya kwanza, na uandike vipimo vinne na tarehe kwa rangi ukutani, mahali ambapo mvua haifiki. Pima tena kila mwanzo wa Machi na kila mwanzo wa Oktoba, kabla mawingu hayajashuka. Kazi hiyo ni ya watu wawili na haimalizi nusu saa, na mtoto wa darasa la tano aweza kushika mwisho wa pili wa mpira.